Msituachie DM Kazi Yenu

Kila ukilalamika kwamba kitabu fulani cha nyongeza cha sheria kimevuruga gemu ya kuigiza ya mezani, jibu liko tayari, unaletewa hata sentensi hujamaliza: si ukikatae tu bana, wewe si ndo DM, msimamizi wa gemu? Meza yako, sheria zako. Hilo jibu nimelisikia kwa washkaji wa Dar, nimelisikia kwa watu wa Nairobi tunaochati nao, na nimelisikia hapahapa Ngamiani kwa mtu ambaye ndo kwanza kanitumia pidiefu nene akitaka niikubali kabla ya Jumamosi. Na kila nikilisikia naona kuna kitu kimehamishwa kimyakimya, yani kazi ya aliyelipwa kabebeshwa aliyelipa.

Kwa ambao hamjawahi kukaa kwenye meza ya namna hii nieleze haraka. Ni gemu ya kuigiza, mnakaa watu wanne watano, mmoja anakuwa DM, yaani Dungeon Master, na huyo ndo dunia nzima, mvua yeye, mlinzi wa geti yeye, joka yeye, wengine kila mtu ana mhusika wake mwenye namba zake kwenye karatasi, unasema nafanya hivi, dadu inarushwa, dadu inaamua. Mama yao wote ni Dungeons & Dragons, ilitoka Marekani 1974, waliitunga Gary Gygax na Dave Arneson ikachapwa na TSR, 1997 TSR ikanunuliwa na Wizards of the Coast, 1999 Wizards nao wakanunuliwa na Hasbro, wale wa matoi. Sisi tunaicheza kwa Kiswahili, kampeni yetu ipo kwenye mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni, tumeyajaza majini na mabaharia wafu na Mreno mmoja ambaye hataki kufa, dadu ni za kwenye simu, na kahawa haikosekani.

Sasa sie watu wa pwani tumezoea gemu isiyo na mwenyewe. Bao la Kiswahili lile, mashimo 32, kete 64, unaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, mnanamua mpaka za mkononi ziishe ndo mnaingia mtaji, na sheria za nyumba peke yake zinatosha kugombanisha ndugu. Lakini hamna kampuni iliyowahi kutoa bao toleo la pili lenye nyumba mbili kwa anayelipia. Mkibishana, wazee walioko barazani wanaamua, imeisha. D&D ina mwenyewe, na mwenyewe anakula kwa kuuza kitabu kingine.

Na hapo ndo pa kuanzia, maana watu wanajadili mizani, yaani wahusika wasizidiane nguvu mno, kama vile ni suala la ufundi tu. Kitabu cha msingi kikishanunuliwa kimenunuliwa, meza inaweza kukichezea miaka kumi. Wachezaji ni wengi kuliko ma-DM, kwa hiyo ukitaka kuuza sana unatoa kitabu cha wachezaji, na mchezaji atanunua kwa sababu gani kama kilichomo ni dhaifu kuliko alichonacho? Sisemi kuna mtu anakaa ofisini anapanga kuharibu gemu. Nasema upepo wote unavuma upande mmoja, na asiyepiga kasia atafika huko huko.

Mambo haya si ya jana. 1985 TSR walikuwa na hali mbaya kifedha, wakatoa Unearthed Arcana, sehemu kubwa ya mambo yake yalikuwa yameshatoka kwenye jarida lao la Dragon, yakakusanywa yakawekewa jalada. Humo mkawa na klasi, yaani aina ya mhusika, ya Cavalier, mpanda farasi wa kisharifu, ambaye kila akipanda leveli nguvu zake za mwili nazo zinapanda kidogokidogo, kitu ambacho mpiganaji wa kawaida hakuwa nacho. Mpaka leo ukikaa na wazee wa toleo lile hilo jina linawatoa jasho.

Lakini mfano ninaoupenda mimi, na ntaukalia kidogo kwa sababu ndo wenye hoja yangu yote, ni wa 2004. Toleo lilikuwa la 3.5. Mwaka huo huo mmoja Wizards wakatoa Complete Divine, Libris Mortis na Complete Arcane. Complete Divine ina kipaji, yaani uwezo wa ziada anaouchagua mchezaji, kinaitwa Divine Metamagic, kinamruhusu kasisi kulipia kuongeza makali ya uchawi wake kwa kutumia zile nafasi zake za kufukuza wafu badala ya kutumia uchawi wa leveli ya juu. Sio mbaya, nafasi hizo kasisi anazo 3 tu kwa siku, anaongezea na namba ya haiba yake basi. Complete Arcane ina Persistent Spell, inaufanya uchawi unaodumu kwa dakika chache udumu saa 24, ila bei yake ni leveli 6 juu, yaani mtu wa kawaida hawezi. Nayo sio mbaya, bei imewekwa makusudi. Libris Mortis ni kitabu cha wafu na mizuka, humo kuna fimbo inaitwa nightstick, ukiwa nayo unapata nafasi 4 zaidi za kufukuza wafu. Sawa tu, kitabu cha wafu kikupe kifaa cha wafu.

Ziweke pamoja. Kipaji cha kwanza kinasema leveli 6 unazilipia kwa nafasi 7. Fimbo zinakupa nafasi. Kipaji cha pili kinakupa saa 24. Kwa hiyo kasisi anaamka asubuhi anapiga Divine Power, ambayo inampa ustadi wa kupiga sawa na mpiganaji wa leveli yake na nguvu 6 juu, uchawi uliotungwa udumu sekunde chache za pigano moja, na anatembea nao mpaka kesho asubuhi. Halafu bado ni kasisi, bado anaponya, bado ana uchawi wake mwingine. Mpiganaji halisi aliyekaa pembeni yake anabeba mizigo.

Angalia hapo kosa liko wapi. Ukichukua kitabu kimoja kimoja ukakisoma, mwandishi kafanya kazi yake vizuri. Ubovu uko kwenye maungio, na maungio hayana mwandishi. Anayeweza kuyaona yote matatu kwa pamoja kabla hayajafika madukani ni mmoja tu, mwenye nembo iliyoko kwenye majalada yote matatu. DM wa Ngamiani anayaona siku mchezaji anapomletea karatasi.

Af kuna hesabu watu hawaifanyi. Chukua vipaji 30, ukitaka kupima kila viwili vikikutana unakuwa na jozi 435. Ongeza vifike 60, hujazidisha mara mbili, jozi ni 1,770. Na ukitaka vitatuvitatu kama ule mfano wa kasisi, kutoka 4,060 unaenda 34,220. Kitabu kipya hakiongezi kurasa zake tu, kinajiunga na kila ukurasa wa vitabu vya nyuma. Ndo maana mtu akiniambia kampuni haiwezi kupima kila kitu namkubalia papo hapo, haiwezi. Lakini ukikubali hilo ndo umekubali kwamba unauza kitu usichoweza kukipima chote, na mtu wa namna hiyo ana wajibu mkubwa zaidi. Anatakiwa ajenge maungio yenye breki.

Na wanajua kuzijenga! Hicho ndo kinaniuma. Toleo la 5 la 2014 lina sheria ya umakini, uchawi mwingi mkubwa unahitaji uushikilie kwa akili na huwezi kushikilia miwili, ukipiga wa pili wa kwanza unakufa. Sentensi moja hiyo imeua maelfu ya maungano ambayo hamna mtu aliyehitaji kukaa kuyahesabu. Vifaa vya uchawi vingi unafungamana navyo, na mwisho ni vitatu. Halafu kwenye meza za ligi yao wenyewe, Adventurers League, kwa misimu mingi walikuwa na sheria ya kitabu cha msingi na kimoja zaidi, basi, huwezi kuchukua kipaji huku na uchawi kule na klasi kwingine. Shehe wangu, hiyo sheria haikutungwa na DM mlalamishi wa Tanga.

Ila breki nazo hazitoshi mwandishi akiisahau saa. Xanathar's Guide to Everything ya 2017 ilileta uchawi wa Healing Spirit, wa leveli 2, unaita roho inayodumu dakika moja, mtu akipita kwenye hiyo roho anaponywa dadu moja ya pande sita. Ndani ya pigano uko poa, nani ana muda wa kuzunguka na mishale inapita. Pigano likiisha sasa. Dakika moja ni mizunguko 10, kila mtu anapita mara moja kila mzunguko, dadu 10 kwa kila kichwa, wastani 35, mkiwa watano ni 175 kwa uchawi wa leveli 2, wakati Cure Wounds ya leveli hiyohiyo ilikuwa inakupa dadu mbili za pande nane na nyongeza kidogo kwa mtu mmoja tu. Hapo hakuna maungano ya vitabu vitatu, ni kitabu kimoja na mtu aliyeipima roho kwenye vita tu. Masahihisho yakatoka 2020, wakaweka idadi ya mara inazoponya, na yakatoka bure mtandaoni. Bure ni vizuri, nawapa hilo.

Sasa nije huku kwetu, maana wanaoandika kuhusu haya mambo wengi wanaongea kama vile DM ni hakimu anakaa juu ya mlima.

Mezani kwetu tulikuwa na jamaa fundi baiskeli, na kwenye mji huu fundi baiskeli ni mtu mwenye shughuli, akija kucheza ujue kaacha kazi. Mhusika wake mpiganaji, ngao na shoka, kazi yake kusimama kwenye mdomo wa pango mwenzake yeyote asiguswe. Hachezi kwa maneno mengi lakini akisema "nasimama hapa" meza nzima inatulia. Akaja dogo mmoja, mtoto wa jirani, yuko chuo, mchangamfu, akaja na klasi kutoka kwenye kitabu cha watu wa pembeni huko, sio kampuni kubwa na sitaitaja. Klasi yenyewe tamu kuisoma, michoro mizuri. Inampa zamu ya ziada akiua adui, na adui akifa anapona. Kwenye karatasi unasema mh, sawa, mpaka akutane na maadui wadogowadogo wengi, na mapango ya Amboni yangu yalikuwa yamejaa hao. Anaua, anapata zamu, anaua, anapona, anapata zamu. Pango linakwisha, fundi bado kashika ngao. Baada ya hapo nikaanza kumuona anashika simu kati ya zamu zake, af zikaanza udhuru, leo kuna tairi, leo kuna mgeni.

"Si umnyang'anye dogo hiyo klasi." Haya. Dogo kainunua kwa hela yake, kaomba kadi ya mtu ili alipie, kaisoma kwa wiki kadhaa na kamtungia mhusika historia yake mpaka jina la bibi yake. Mama yake namsalimia kila asubuhi nikienda kazini. Hapa huwezi kumvua mtu kitu mbele za watu halafu kesho mkakutana sokoni kama hakuna kilichotokea, kuna watu wameacha kuja baraza fulani kwa jambo dogo kuliko hilo. Basi ongeza nguvu za maadui, nikaongeza, wakawa wanamuweza dogo na wanamuua fundi. Basi mpe fundi kifaa cha uchawi, nikampa, dada wa Makorora anayecheza mchawi akaniuliza na mimi je kaka, au mpaka nami ninune? Alikuwa na haki yake kabisa. Kila dawa ina madhara yake, na yote hayo nayafanya usiku nikitoka kazini ili kuziba kitu ambacho sentensi moja tu, "mara moja kwa kila mzunguko", ingekiziba kabla hakijauzwa.

Hiyo sentensi ndo bei ya yote. Mwandishi angecheza jioni moja na maadui kumi na mbili wadogo angeiona mwenyewe.

Na masahihisho, hata yakitoka, yanafikaje? Kitabu chetu kinatembea kwa WhatsApp, mwingine anayo pidiefu ya mwanzo, mwingine kanunua cha karatasi kilichochapwa baadaye, mwingine anasoma kwenye mtandao ambao umeshasahihishwa, na wote watatu wanakwambia "sheria inasema". Mwenye bando ndo mwenye sheria. Toleo la 4 la D&D lilikuwa na masahihisho mengi mno, yakitoka mara kwa mara, mpaka mtu aliyenunua vitabu 2008 baada ya muda akawa na makaratasi mazuri yasiyolingana na gemu inayochezwa. Kusahihisha ni wajibu lakini kusahihisha sana maana yake wapimaji wako ni wateja wako.

Toleo hilohilo la 4 lina kisa kingine ambacho kwangu ndo kibaya kuliko chote. Hesabu za msingi zilikuwa na pengo, unavyopanda leveli ulinzi wa maadui unakuacha nyuma kidogokidogo. Sawa, makosa yapo. 2009 ikatoka Player's Handbook 2, humo kuna vipaji vya Expertise, vinakuongezea 1 kwenye dadu ya kupigia, inakuwa 2 ukifika leveli 15 na 3 ukifika 25. Wachezaji wakapiga hesabu wakaona hii siyo nyongeza, hiki ni kiraka, ila kimewekwa kama kipaji, kwa hiyo unakitoa kwenye vipaji vyako vichache na kabla ya hapo unanunua kitabu. Watu wakakiita kodi. Unauziwa kiti chenye mguu mfupi halafu mwaka unaofuata unauziwa kigingi. Hapo siwezi kusema upepo tena, hapo mtu kapiga kasia.

Paizo, kampuni nyingine yenye gemu ya namna hii inayoitwa Pathfinder, walifanya tofauti kidogo. Klasi yao ya Summoner, mchawi anayeita kiumbe kimpiganie, ilitoka kwenye Advanced Player's Guide ya 2010, na kabla ya kutoka waliiweka hadharani watu waijaribu, bado ikapita na matatizo yake, yule kiumbe anayemwita ukijua kumjenga anamzidi mpiganaji na bwana wake bado ana uchawi mkononi. 2015 wakaiandika upya kwenye Pathfinder Unchained. Kitabu cha kuuzwa, ndiyo, lakini sheria zenyewe waliziweka wazi mtandaoni, anayetaka asome bila kulipa. Kwa mtu wa Tanga tofauti hiyo ni kubwa sana, kitabu cha karatasi mpaka kifike hapa ushuru na nauli vimeshazidi bei yake. Na kisa hicho kinawajibu pia wale wanaosema majaribio ya hadharani ni dawa ya kila kitu, hapana, wanaojitokeza kujaribu ni wapenzi wa hiyo klasi, nani atajitolea kuwa mpiganaji anayekaa pembeni aje kuandika maoni kwamba alichoka?

Kuna hoja moja dhidi yangu ninayoiheshimu. Wanasema vitabu vya nyongeza mnavionea, toleo la 3.5 lilikuwa limeharibika tokea kitabu cha msingi. Ni kweli. Kipaji cha Natural Spell kipo kwenye Player's Handbook yenyewe, druidi anageuka dubu na akiwa dubu anaendelea kupiga uchawi, na ana mnyama wake pembeni, huyo mtu mmoja ni timu nzima. Hamna nyongeza iliyohitajika. Lakini kitu cha msingi meza nzima inakijua, kila mtu kakisoma, mnaingia kwenye gemu mkijua dubu yupo. Cha nyongeza kinaingia kati ya safari na anakijua mmoja.

Wengine wanasema mizani inaua ladha, mkitaka wote wawe sawa chezeni drafti. Mimi sitaki wawe sawa. Mchawi amzidi mpiganaji kwa mambo ya kichawi, amzidi sana tu. Ninachotaka ni kwamba mtu aliyechagua kusimama kwenye mdomo wa pango akute kuna sababu ya mtu kusimama pale, leo na kitabu kijacho kikitoka.

Na kampuni ndogo je, watu wawili wana kompyuta moja, hela ya wapimaji hawana? Tangu 2000 D&D ilipofungua leseni yake, na zaidi tangu Januari 2023 sheria za msingi za toleo la 5 zilipowekwa kwenye Creative Commons, leseni huru kwa watu wote, baada ya ule ugomvi mkubwa wa leseni, yeyote anaweza kutunga nyongeza akauza, hata sisi hapa tunaweza, na ningependa sana siku moja tuuze ya mapango yetu. Sitegemei hao wapime jozi 1,770. Wanipe ukurasa mmoja mbele kabisa, kabla ya michoro: tumeijaribu na vitabu hivi, kwa leveli hizi, kwa meza ya watu wangapi, hatujaijaribu na hivi, ukiona inazidi, punguza hapa kwanza, na masahihisho yatakuwa mahali hapa, bure, kwenye faili dogo linaloweza kutumwa kwa simu. Ikiwa hawajaijaribu kabisa waandike hivyohivyo, hatujaijaribu. Ningekuwa na ukurasa huo siku dogo anakuja nayo ningemuonyesha yeye mwenyewe asome, tungekaa tukapunguza pamoja kabla hajamtungia bibi yake jina. Kitabu chenye ukurasa huo mimi nanunua hata kama sina mpango wa kukitumia mwaka huu.